Simu "Iliyofunguliwa" na Mitandao ya Uganda: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Mwaka juzi nilimnunulia mama simu Kampala, kwenye moja ya yale maduka yaliyobanana ya Mtaa wa Luwum. Muuzaji aliniambia imetoka Marekani, imefunguliwa, inakubali laini yoyote. Kweli ilikubali. Nikaweka laini yangu, 4G ikasimama juu ya kioo, nikafungua video ikaenda bila kukwama. Nikalipa laki tano na nusu. Wiki iliyofuata mama akapiga kutoka kijijini, upande wa Koboko: picha za wajukuu haziji, na pale juu imeandikwa E, yaani intaneti ya pole ya 2G. Jirani yake, mwenye Tecno ya bei ndogo kuliko ile, alikuwa amekaa naye kwenye mkeka mmoja na 4G anayo.

Simu ile haikuwa mbovu. Ilikuwa kiziwi kwa mawimbi ya kule.

"Imefunguliwa" maana yake ni kwamba kampuni iliyoiuza kwanza haiizuii tena kupokea laini ya wengine. Basi. Haisemi kama redio iliyomo ndani inasikia minara yetu. Mitandao hurusha mawimbi kwa masafa tofauti, na kila masafa ya 4G yana namba yake, huitwa bendi. Katika kanda yetu zilizozoeleka ni bendi ya 3 (1800 MHz), ya 7 (2600), ya 20 (800) na ya 28 (700). Marekani wamejengea 4G yao juu ya bendi nyingine: 2, 4, 12, 13, 66, 71. Masafa ya juu hubeba data nyingi lakini hayafiki mbali, kwa hiyo yanafaa mjini ambako minara imekaribiana. Masafa ya chini husafiri mbali na kupenya ukuta. Simu yenye bendi ya 3 na 7 lakini isiyo na 20 wala 28 itakufurahisha dukani Kampala, kisha itakuangusha ukifika kijijini. Kupiga na kutuma pesa bado kutawezekana, maana 2G ya 900 na 1800 karibu kila simu inayo, na *165# ya MTN au *185# ya Airtel haihitaji intaneti. Ndiyo maana watu hukaa na simu kama hiyo mwaka mzima wakilaumu mtandao.

Sasa nipange, kuanzia ninayoipendekeza zaidi.

Ya kwanza bila ubishi ni simu iliyotengenezwa kwa soko letu: Tecno, Infinix, itel, au Samsung ya mfululizo wa A yenye namba ya modeli inayoishia F au B. Ina bendi zetu na ina nafasi mbili za laini. Hilo la laini mbili msilidharau. Tangu mtandao wa Africell ufunge biashara hapa mwaka 2021, wengi wetu tunaishi na MTN na Airtel kwa pamoja. Moja ikizidiwa, unahamia nyingine. Kamera inaweza kushindwa na ya simu kubwa iliyotumika, lakini kama simu ni ya mzazi au ya biashara ya kijijini, chukua hii.

Ya pili ni iPhone iliyotumika, kuanzia 11. Hizi Apple aliziwekea bendi nyingi sana, hata zile za Marekani zina 3, 7 na 20, na kuanzia 12 zina 28 pia. Hatari yake iko kwingine. iPhone 14, 15 na 16 zilizouzwa Marekani hazina kabisa tundu la laini, ni eSIM tupu, yaani laini isiyo ya plastiki iliyomo ndani ya simu yenyewe, na eSIM huenda ukalazimika kuiendea duka la huduma na kitambulisho. Za Hong Kong na China bara, kwa nyingi ya modeli hizi, zina nafasi mbili za laini za plastiki, na kwetu hiyo ni faida. Tena chomoa trei mwenyewe utazame. Ukikuta kipande chembamba kama ngozi ya kitunguu kimelala chini ya laini, rudisha simu. Hiyo haijafunguliwa, imedanganywa, na siku utakapoifanyia apdeti laini inaweza kukataa. Iliyo huru huandika "No SIM restrictions" kwenye ukurasa wa maelezo ya simu, ndani ya mipangilio.

Ya tatu, Samsung za mfululizo wa S kuanzia S21. Zenye B mwishoni ni za kimataifa, nzuri kabisa. Zenye U au U1 ni za Marekani: bendi zinatosha, lakini trei ni ya laini moja. Muuzaji asiyekuambia hilo anakuibia nusu ya simu.

Ya nne, Google Pixel. Naipenda kwa picha. Lakini Google haiiuzi rasmi Uganda, na mara nyingi VoLTE, yaani kupiga kupitia 4G, haiwaki kwa laini zetu, wala 5G, ambayo MTN na Airtel waliizindua mwaka 2023. Ukipiga, intaneti inashuka hadi 3G mpaka ukate. Wa Kampala atavumilia.

Za mwisho ni simu za bei nafuu zilizotengenezwa kwa kampuni za simu za Marekani au Japani. Ya mama ilikuwa hapa. Usinunue mpaka uone bendi ya 20 au 28 kwa macho yako.

Simu ya mkopo ambayo deni lake halijaisha siipangi kokote. Kufuli lake halihusiani na mtandao. Mwenye deni asipolipa, simu inazimwa mkononi mwako. Wa Busia na Malaba wawe macho zaidi, zinavuka mpaka kila siku.

Dukani fanya hivi. Bonyeza *#06#, itatokea IMEI, namba ya utambulisho wa simu, uilinganishe na ya kwenye boksi. Soma namba kamili ya modeli kwenye mipangilio, si ile iliyobandikwa kwa stika, uitafute kwenye tovuti ya GSMArena na usome orodha ya bendi. Weka laini zako zote mbili. Piga simu huku ukitazama juu: 4G ikibaki, VoLTE inafanya kazi, ikigeuka H (3G) au E, haifanyi. Kwenye Samsung nyingi *#0011# hufungua ukurasa unaoonyesha bendi unayotumia wakati huo. Kisha mwambie muuzaji aandike namba ya modeli na IMEI kwenye risiti, na muda wa kurudisha. Mimi sasa naomba siku saba, kwa sababu ndizo zinazotosha simu kupanda basi, kufika Koboko, na mama kunipigia.