Jenereta ya kununua ukiwa Dodoma: ipi ianze, ipi uiache dukani

Kabla hujaanza kuzunguka maduka, chukua karatasi uandike unataka kuwasha nini, na usiishie kwenye wati zilizobandikwa nyuma ya kitu, manake chochote chenye mota kinavuta umeme mwingi kikiwa kinaanza. Friji ya kawaida ikishatulia inatembea na wati 150 hivi ila kuanza inaweza kudai 600 na zaidi, pampu ya hosipawa moja ni wati 750 lakini mwanzoni inataka mara mbili mpaka mara tatu ya hapo. Pasi haina mambo hayo, 1000 ni 1000 tu.

Afu kuna hili ambalo muuzaji wa Dar hakwambii. Sisi huku tuko juu ya usawa wa bahari kama mita 1,100, hewa nyepesi, na injini inapoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwahiyo hapa tayari asilimia kama 13 imeliwa. Jenereta ya kilowati 2.5 ihesabu kama 2.2, na lile jua la Novemba linapunguza tena kidogo. Na namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mara nyingi ni ile ya juu kabisa, inayofika kwa muda mfupi tu, we uliza inayobeba mfululizo.

Kama shida yako ni taa, TV na ruta ya intaneti basi, usinunue jenereta kabisa. Tafuta betri, inverter (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) na paneli, jua tunalo la kumwaga.

Kwa wengine wote, namba moja naipa ya petroli ya fremu wazi ya kVA 3 (kVA ni kipimo cha ukubwa wa jenereta, kinakaribiana na kilowati), injini ya foo stroku, yaani oili ina sehemu yake, huichanganyi na petroli. Sio nzuri kuliko zote ila spea zake zipo kila kona na hata fundi pikipiki wa Nkuhungu anaweza kuifungua kabureta akairudisha vizuri. Inabeba friji, taa na TV, hata pampu ndogo, ilimradi pampu uianzishe peke yake kwanza, ikitulia ndo uongeze vingine. Uliza koili ni ya kopa au aluminiamu, ya kopa inavumilia joto zaidi na mashine yake huwa nzito, ukiinua mbili za saizi moja utasikia tofauti. Iwe pia na AVR, kile kifaa cha kutuliza volti, na ile ya kujizima oili ikipungua.

Namba mbili ni jenereta za inverter, zile za kisanduku zinazotumia petroli, mfano Honda EU22i. Zina kelele ndogo, umeme wake umetulia hauunguzi kompyuta, na mzigo ukipungua injini nayo inapunguza mwendo, petroli inabaki. Mwenye stationery au anayekaa nyumba zilizobanana na majirani, hii kwake ndo namba moja. Kinachoishusha ni bei, na hiyo EU22i kawaida inatoa wati 1,800 (2,200 ni kwa muda tu) kwahiyo pampu ya kisima isahau.

Dizeli ya kVA 5 ni ya mtu anayewasha masaa mengi kila siku, mwenye bucha Kibaigwa na mafriza yake hapo sawa. Kwa nyumbani ni mzigo tu, hata kuisogeza unaita vijana.

Mwisho kabisa vile vidogo vya tuu stroku vilivyoandikwa 950. Hiyo 950 sio wati utakazopata, tegemea 650 hivi, na petroli unachanganya na oili, nyingi ni moja kwa hamsini yaani mili 20 kwa lita. Mnadani kinafaa. Friji hapana.

Sasa kwenye bajeti hiyohiyo weka hela ya chenjiova (swichi ya kuchagua umeme wa Tanesco au wa jenereta) na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, usiseme utafunga baadae. Ile waya yenye plagi dume pande zote mbili, wanayochomeka kwenye soketi ya ukutani nyumba nzima iwake, itupe. Umeme wako unatoka mpaka nguzoni, ukifika transfoma unapandishwa kuwa volti 11,000 au 33,000, na huko juu kuna fundi wa Tanesco anajua laini imezimwa. Chenjiova inakata huku ndo iunge kule, haviwezi kukutana.

Moshi ndo unaua zaidi. Una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na kufungua dirisha hakutoshi, kwahiyo sio kwenye korido, sio stoo, sio nyuma ya fremu mlango ukiwa umerudishiwa kwa kuogopa wezi. Weka nje, mita 6 au zaidi toka kwenye nyumba, ekzosti iangalie kusiko na madirisha. Upepo wetu mwingi unatoka mashariki, ndo maana upande wa magharibi wa nyumba unafaa zaidi. Watu wakianza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu wote kwa pamoja usiseme malaria, toeni watu nje kwanza ndo mengine yafuate. Mvua ikianza weka kibanda cha paa tu, pembeni wazi.

Petroli usiongeze mashine ikiwa ya moto, zima ipoe. Ekstensheni ya kibiringita ivute waya wote, ukiuacha umejiviringa unachemka mpaka unayeyuka.

Siku ya kununua nenda na pasi yako na mita ya volti. Iwashwe, uchomeke pasi, volti ziwe zinacheza 220 mpaka 240, zikiporomoka sana mwambie akuletee nyingine. Na kabla hata hajavuta kamba, hakikisha oili imewekwa, mana za foo stroku nyingi zinatoka kwenye boksi zikiwa kavu, na injini ikizunguka dakika chache bila oili umeshanunua chuma chakavu.