Chati ya Urithi Niliyoinunua Ngamiani
Chati hii ya ukutani inayofundisha jinsi watoto wanavyorithi sifa za wazazi, niliyoinunua katika duka la vifaa vya shule Ngamiani, Tanga, kwa ajili ya binti yangu wa kidato cha nne, imenifurahisha zaidi katika sehemu ya ualbino. Inaonyesha kwa michoro kwamba baba na mama wenye rangi ya kawaida, ikiwa kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni (chembe ya urithi) ya ualbino iliyojificha, wanaweza kupata mtoto mwenye ualbino, na kwamba uwezekano huo ni 1 kati ya 4 katika kila mimba, bila kujali waliotangulia walizaliwaje. Maelezo hayo pekee, ambayo yangewaepusha akina mama wengi na tuhuma za ugoni, yanatosha kuhalalisha bei yake. Njegere za Mendel, mtawa aliyechunguza urithi kwa kutumia mimea hiyo, na kromosomu 46 za binadamu, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, zimeelezwa vyema pia. Kasoro ni kwamba rangi ya macho na uwezo wa kukunja ulimi vimechorwa kana kwamba kila kimoja huamuliwa na jeni moja, ilhali rangi ya macho hutokana na jeni kadhaa, na hata pacha wa kufanana huweza kutofautiana katika kukunja ulimi. Karatasi nayo ni nyepesi mno.