Chaja tatu, betri mbili marehemu: ile ya boti nimebaki nayo hapa Dunga

Niko na boti ya kuzungusha watu jioni hapa Dunga, Kisumu, unawapeleka waone viboko, jua linazama, mnarudi na taa. Injini ni ya kuvuta kamba kwa hivyo hiyo haina shida na betri, lakini taa, pampu ya kutoa maji na redio (bila muziki Jumapili hakuna mtu anapanda, msidanganyane) zote zinakula kwa betri moja ya dip saiko (ile ya kutoa moto polepole masaa mengi, si ya kuwasha gari), volti 12, ampea-saa 100, yaani kiasi cha moto inabeba. Na hiyo betri hailali kwa boti, ukiiacha bichi asubuhi utakuta waya tu zinaning'inia. Inapandishwa na wilbaro hadi nyumbani, karibu kilo 30, inachajiwa, asubuhi inateremshwa. Sasa kwa hii shughuli nimeua betri mbili, na zote mbili zimeuliwa na chaja, si ziwa.

Ya kwanza hata haikuwa chaja yangu. Nilipeleka betri kwa kibanda cha kuchajisha, fundi akaniangalia akasema "Omera, ndani ya masaa mawili imejaa, enda ukunywe chai." Nikaenda nikakunywa chai. Kurudi napata ameiunga na ile chaja kubwa ya betri za lori, ile ya kabati iko na mshale wa kupima, mshale umelala ampea 40 na betri imevimba mbavu, inanuka mayai viza, na yeye amekaa hapo kando anavuta sigara. Sikujua wakati huo, lakini betri ya maji ikichemka hivyo inatoa haidrojeni na hiyo gesi inalipuka, mungu alituonea huruma tu. Kitu nilikuja kujifunza baadaye ni hesabu ndogo sana: chukua ampea-saa za betri yako, gawa kwa kumi, hiyo ndiyo ampea ya chaja. Betri ya 100 inataka chaja ya 10, ukiwa na haraka hadi 20 inavumilia, lakini 40 ni kuipika.

Chaja ya pili nilinunua mwenyewe, shilingi 3,500, boksi limechorwa meli kubwa na limeandikwa "smart" mara tatu. Kamba refu, taa za rangi rangi, feni inavuma kama ndege. Wiki za kwanza niliipenda aki. Halafu wale wadudu wa ziwa wakaja, mtu wa Kisumu anawajua, ile jioni unaona wingu linatoka majini kama moshi na kila taa inafunikwa. Feni iliwavuta wote ndani. Niliifungua na bisbisi nikatoa uji mweusi wa wadudu kijiko kizima, bodi imepakwa kama siagi kwa mkate. Nikapangusa, ikawaka tena, lakini nilianza kuona maji ya betri yanaisha haraka, kila wiki naongeza. Ndio nikaazima mita ya kupima volti kwa jamaa mmoja wa simu. Saa kumi na mbili asubuhi, betri imelala kwa chaja usiku mzima, nagusisha mita: 15.4. Sasa hiyo ni nini jamani?

Hapa nieleze kidogo juu ndio shida ya hizi chaja nyingi. Betri ya asidi, kama hii yangu ya maji, inafaa kusukumwa hadi volti kama 14.4, ishikiliwe hapo mpaka iwe inakunywa moto kidogo tu, halafu chaja ishuke yenyewe hadi 13.5 ama 13.8 ikae hapo inaibembeleza. Yangu haikuwa inashuka. Ilikuwa inachemsha usiku kucha, maji yanapungua, sahani za risasi za ndani zinabaki nje ya maji, na sahani ikishakauka hiyo sehemu imeenda. Betri ya pili ikafa ikiwa na miezi saba.

Ya tatu ndio hii niko nayo sai. Jina la kampuni siliweki, si kwa ubaya, ni juu fake yake inauzwa na jina hilo hilo, bora uangalie vitu. Ampea 10. Haina feni kabisa, imezibwa mwili mzima, imeandikwa IP65 yaani vumbi haiingii na ukiirushia maji inasimama. Iko na kitufe cha kuchagua aina ya betri. Nikaipima kama mshtakiwa: saa tano usiku 14.4, asubuhi 13.6. Nilirudia siku nne, haibadiliki. Nikirudi na betri nusu ni ampea-saa 50 imekula, kwa ampea 10 ni masaa matano, ongeza mawili matatu ya kumalizia, kufika asubuhi imetulia. Stima ikipotea (na inapotea) ikirudi chaja inaanza yenyewe kwa ile seti uliiacha nayo, si kama ile ya boksi la meli ilikuwa inangoja uamke uifinye.

Nililipa 14,000, iliniuma. Mwenye duka kule Oginga Odinga Street alitaka nichukue ingine karibu bei mara mbili ati ni ya baharini, imekingwa chumvi. Nikamwambia boss, ziwa letu ni maji ya kunywa, hiyo peleka Lamu. Akacheka, akapunguza mia tano.

Malalamiko ninayo. Plagi ilikuja ya pini mbili ikabidi nitafute adapta, waya ni fupi betri inakaa karibu na kitanda (dirisha wazi, tafadhali), na kile kitufe mtoto akikigusa kinahamia kwa lithiamu. Hiyo si mchezo. Betri ya jeli inataka kama 14.1 tu, AGM (zile asidi yake imenyonywa na kitambaa cha nyuzi za kioo) zingine zinaenda hadi 14.7, na ukiwa na lithiamu usiwahi kuiweka kwa chaja ya asidi iko na ile programu ya kufufua betri, inapandisha volti zaidi ya 15. Soma kwa mgongo wa betri kwanza ndio uende dukani, si kinyume.

Mama watoto naye ameona biashara, anachajia majirani kwa mia moja. Juzi asubuhi jamaa wa omena alileta ya 200, imekufa kabisa, anaitaka jioni juu mwezi umeingia giza na anashuka majini. Nikamwonyesha ile 10 imeandikwa kwa chaja. Akahesabu na vidole, akaangalia ziwa, akaniuliza kama ile ya kwetu naweza kumkodishia usiku mmoja.