Mama mwandishi: alfajiri au usiku?
Kwa utulivu wa akili, alfajiri inashinda: kichwa bado hakijajaa shughuli za siku. Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa Marekani aliyelea wana wawili peke yake huku akifanya kazi ya uhariri, alizoea kuandika kabla ya mapambazuko. Tatizo ni mtoto mchanga. Akiamka saa kumi na moja, ukurasa umekwisha.

Usiku, watoto wakishalala, unaweza kung'ang'ana na sentensi moja mpaka ikubali. Gharama yake ni usingizi, na rasimu za mtu mchovu mara nyingi hupwaya (kusahihisha, kwangu, huenda vizuri zaidi saa hizo).

Anayenyonyesha asijifunge na saa yoyote; daftari kando ya kitanda linamtosha. Mwenye watoto wa shule ajaribu alfajiri, mradi alale mapema.