Gemu za kupigana kwa mdundo: uanze na ipi?

Kabla hujalipia gemu yoyote ya aina hii, ambamo unapigana kwa kufuata mdundo wa muziki, jiulize: nikikosa mdundo, itanifanya nini? Zipo zinazosamehe, zipo zinazokunyang'anya ulichochuma, na ipo moja ambayo bunduki inagoma kabisa kufyatuka. Nimezipanga kwa kigezo hicho kwa sababu ndicho kinachoamua kama utaifikisha mwisho au utaitelekeza wiki ya kwanza.

Nafasi ya kwanza naipa Hi-Fi Rush, bila kusita. Ilitoka Januari 2023 kwenye kompyuta na Xbox, ikafika PlayStation 5 mwaka uliofuata. Chai, kijana mwenye kicheza muziki kifuani, anapigana kwa gitaa la vyuma chakavu. Ubonyeze mapema, uchelewe, pigo lake hutua kwenye mdundo tu. Pigo jepesi huchukua mdundo mmoja, zito huchukua miwili. Ukipatia unaongezewa nguvu na alama; ukikosea, pambano linaendelea. Nguzo, mitambo, hata 808, yule paka wa roboti, vyote vinacheza na ngoma, kwa hiyo jicho linalisaidia sikio. Kinachonivuta zaidi ni kukinga. Kwenye pambano na Korsica, mmoja wa maadui wakubwa, anakuonyesha kwanza mfuatano wa mapigo, kisha unayapokea moja baada ya jingine kwa kitufe cha kukinga, kama waitikiaji wanavyompokea manju. Mara ya kwanza nilipoyapokea yote bila kudondosha hata moja, niliweka pedi chini nikashusha pumzi.

Ya pili ni Crypt of the NecroDancer, ya mwaka 2015. Kwa macho ni gemu ya vyumba na miraba, lakini kila hatua lazima uende na mpigo. Ukisitasita, maadui wanasogea bila kukungoja, na kizidishio cha sarafu, kile kinachoongeza sarafu unazopata, kinapotea. Kila adui ana mwendo wake: kiumbe cha uteute wa kijani kimetulia palepale, cha buluu kinaruka juu na chini. Ukishaujua mwendo, unampiga kabla hajakugusa. Ukifa unaanza upya, na kwa wengine hilo ni kero. Lakini kuna mhusika aitwaye Bard ambaye halazimiki kufuata mdundo. Maadui husogea anaposogea yeye. Anza naye ujifunze maadui, kisha rudi kwa Cadence, mhusika mkuu. Haihitaji kompyuta yenye nguvu pia.

Hapa niseme jambo ambalo watu hulipuuza. Usicheze gemu hizi kwa hedifoni za Bluetooth, maana huchelewesha sauti. Wimbo wenye mipigo 120 kwa dakika unakupa nusu sekunda kati ya mpigo na mpigo. Sauti ikichelewa hata moja ya tano ya sekunda, umeshapoteza karibu nusu ya nafasi hiyo, na utajilaumu bure kwamba huna sikio. Tumia za waya. Kama unachezea kwenye runinga, washa hali ya gemu, halafu ingia kwenye mipangilio ya gemu yenyewe ulinganishe sauti na picha kabla ya pambano la kwanza.

Metal: Hellsinger, ya Septemba 2022, inakamata nafasi ya tatu. Ni ya kufyatua risasi kwa muziki wa metali, yaani roki nzito ya magitaa. Kadiri unavyopatia, kizidishio cha alama hupanda hadi 16, na kikifika hapo ndipo sauti ya mwimbaji inaingia. Ukivuruga, anakatika. Sijaona adhabu inayouma namna hiyo, wala zawadi tamu kama kumrudisha. Lakini kama metali inakuumiza kichwa, iruke tu.

Patapon ni tofauti: hupigani wewe, unapiga ngoma na jeshi linatii. Pata-pata-pata-pon, wanasonga mbele, pon-pon-pata-pon, wanashambulia. Unapiga mipigo minne, wanajibu minne, na ukiharakisha kabla hawajamaliza, unakata mfululizo. Ilizaliwa kwenye PSP, kifaa cha gemu cha mkononi cha Sony, mwaka 2007. Sehemu mbili za kwanza zilirudi pamoja mwaka 2025 kwa Switch, PlayStation 5 na kompyuta. Inamfaa mwenye subira.

Ya mwisho ni BPM: Bullets Per Minute, ya 2020. Kufyatua, kujaza risasi, kukwepa: vyote kwa mdundo, la sivyo silaha haitii. Ni kali, na nzuri. Inunue ukishaimaliza Hellsinger.