Kifungo cha nje: maoni ya mwalimu mkuu

Shule yetu iko vijijini, upande wa Mlima Elgon, na tunapokea watu wa kifungo cha nje kutoka mahakamani, yaani waliohukumiwa lakini wanaotumikia adhabu kwa kufanya kazi ya jamii badala ya kukaa jela. Walimu wakuu wenzangu huniuliza kama huduma hii inafaa. Inafaa sana, na natamani ingefika kila lokesheni.

Wengi wanaoletwa ni wa makosa madogo: chang'aa (pombe kali ya kienyeji), kupigana sokoni, faini iliyowashinda. Tangu sheria ya 1998 hapa Kenya, hakimu anaweza kumpa kazi ya jamii isiyo na malipo mtu ambaye angefungwa miaka 3 au chini yake. Wengine hutolewa jela kifungo kikiwa katikati, jaji wa Mahakama Kuu anapopitia faili zao ili kupunguza msongamano. Hao ndio wachapa kazi kabisa.

Mmoja wao ni mama aliyefungwa kwa ajili ya chang'aa. Aliingia jela na mtoto anayenyonya, maana sheria inamruhusu mtoto akae ndani na mamake hadi miaka 4. "Mwalimu, jela tulilala tumebanana; usiku, mtu mmoja akigeuka, safu nzima lazima igeuke," aliniambia, jembe mkononi, nyuma ya darasa la Gredi ya 4 ambako maji ya mvua yalikuwa yakiingia hadi chini ya madawati. Mtaro aliuchimba ukanyooka, kisha akapanda nyasi kingoni bila kuambiwa. Jioni alitia sahihi kwenye daftari, akambeba mtoto mgongoni, akaenda kwake kupika.

Kasoro zipo. Wanakuja mikono mitupu, kwa hivyo majembe na mafyekeo ni juu ya shule. Afisa wa probesheni, yule wa serikali anayewafuatilia watu hawa, ana eneo kubwa mno. Kijana akikosa kufika, mimi ndiye huuliza kwa mzee wa kijiji. Chakula cha mchana pia hakuna aliyekipangia, na mtu hawezi kulima na njaa. Sisi tunawapakulia githeri ya wanafunzi.

Wazazi waliwaka mwanzoni, na walikuwa na haki ya kuuliza. Niliwaeleza kwamba afisa huchunguza kwanza nyumbani kwa mtu na kuandikia mahakama ripoti, nami humuuliza kosa la kila anayeletwa. Aliyemdhuru mtoto simpokei.

Ukitaka kuwapokea, nenda ofisi ya probesheni iliyo karibu nawe ukiwa na orodha ya kazi, na uchague msimamizi asiyewaita wafungwa mbele ya watoto.