Rimu za Inchi 19 kwenye Sedani Iliyoshushwa: Tathmini Baada ya Kilomita 12,000

Mercedes-Benz E-Class yangu ya umbo la W212 ilikuja na rimu za inchi 17 za kiwandani, upana wa 8.5J (yaani inchi 8.5) na ofseti ya ET48 (kipimo cha rimu inavyokaa ndani au nje, nitakifafanua hapo chini), zikiwa na matairi ya 245/45R17, yaani upana wa milimita 245, ubavu wa asilimia 45 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Niliishusha milimita 35 kwa springi fupi, na asubuhi yake nikaona jambo ambalo kila aliyeshusha gari hulijua: rimu zile zile zilizokuwa zikitosha jana zimekuwa kama vifungo vya shati ndani ya madigadi. Ndipo nikanunua rimu za kusubu za inchi 19, 8.5J ET45 kwa mbele na 9.5J ET48 kwa nyuma, ambazo nimekwisha kuzitembelea kilomita 12,000. Kwa sura sina malalamiko. Ninachotaka kukitathmini ni vipimo vyenyewe, kwa sababu nusura ninunue vingine kabisa.

Kilichonivuta kwanza kilikuwa inchi 20, na muuzaji alinihakikishia kwamba zinaingia bila shida. Neno hilo “zinaingia” linahitaji kuhojiwa, kwani rimu inaweza kuingia vizuri kwenye habu (kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake) wakati gari limepigwa jeki, kisha ikaanza kukwaruza mara tu watu wawili wazima wanapoketi kiti cha nyuma na mizigo ikawekwa kwenye buti. Hata hivyo, kilichoniondoa kwenye inchi 20 hakikuwa kukwaruza bali ubavu wa tairi. Ukichagua tairi ipasavyo, kipenyo cha nje hakibadiliki: 245/45R17 lina takriban milimita 652, 245/40R18 lina 653, 245/35R19 lina 654, na 245/30R20 lina 655. Kwa hiyo rimu kubwa peke yake haiinui gari wala haili nafasi ya juu ndani ya madigadi, kinyume na wanavyodhani wengi. Kinachopungua ni mpira uliopo kati ya rimu na barabara, unaoshuka kutoka milimita 110 hadi 98, kisha 86, na mwishowe 73 na nusu. Gari lisiloshushwa linaweza kuvumilia wembamba huo kwa sababu springi zake bado zina nafasi ya kunywea, lakini springi fupi huwa zimekwisha kula sehemu ya nafasi hiyo, na shimo likija, anayelipokea ni tairi na rimu. Dukani niliweka vidole vinne juu ya ubavu wa 245/30R20 vikaujaza wote, nikarudi kwenye inchi 19.

Ofseti ilinichukua jioni nzima pamoja na rula na kikokotoo. Namba inayofuata herufi ET ni umbali kwa milimita kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu. Namba ikipungua, rimu inatoka nje, na ikiongezeka, inaingia ndani kuelekea shokamzoba. Muuzaji alikuwa amenipendekezea 9.5J ET35 pande zote nne. Nusu ya inchi 9.5 ni milimita 120.65, na ukitoa 35, ukingo wa nje unakaa milimita 85.65 kutoka kwenye habu, ilhali ukingo wa rimu ya kiwandani ulikuwa milimita 59.95. Hiyo ni tofauti ya karibu milimita 26 kuelekea nje kwenye gari ambalo madigadi yake yamekwisha kushuka karibu na tairi, na sikuhitaji hesabu zaidi.

Kwa nyuma nilichukua 9.5J ET48, ambayo inaongeza milimita 12.7 nje na 12.7 ndani. Upande wa ndani ndio ulionitia wasiwasi mpaka nilipokumbuka kwamba kiwanda chenyewe kiliweka 9J ET54 nyuma ya umbo hili kwenye rimu zake za inchi 18, na ukikokotoa, ukingo wa ndani wa rimu hiyo haupishani na wa kwangu hata kwa nusu milimita. Matairi ya nyuma ni 275/30R19. Nimepakia watu wanne na buti iliyojaa, nikapita matuta taratibu, na hakuna alama ya mkwaruzo kwenye bitana la madigadi. Kwa mbele, ET45 imesogea nje milimita 3 tu na usukani unakatika hadi mwisho bila kugusa popote. Kuhusu spesa, yaani bamba linalowekwa kati ya habu na rimu ili kuisogeza nje, nitasema kwa kifupi kwamba ya milimita 10 huigeuza ET48 kuwa ET38, na bolti lazima ziwe ndefu zaidi kwa milimita hizo hizo. Mimi naona ni afadhali kununua ofseti sahihi tangu mwanzo.

Kero yangu halisi ilikuwa tundu la katikati. Habu ya gari hili ina kipenyo cha milimita 66.6, ilhali rimu zilitobolewa kwa 73.1 ili zifae magari mengi, kisha pengo likazibwa kwa pete za plastiki. Wiki ya kwanza usukani ulikuwa ukitetemeka nikifika kilomita 100 kwa saa. Nilirudia balansi mara mbili, nikalaumu matairi, nikalaumu hata springi, kabla fundi hajang’oa tairi la mbele kushoto na kukuta pete imepasuka na kipande kimoja hakipo. Kimsingi kinachoishikilia rimu ni mkazo wa bolti, lakini pete ndiyo inayoiweka katikati wakati wa kuifunga. Nilinunua za alumini, na mtetemo ukaisha siku hiyo hiyo. Rimu za daraja hili zilipaswa kuja nazo.

Bolti nazo zinastahili onyo. Za kiwandani ni M14x1.5 zenye kichwa kilichoviringwa chini kama mpira, ilhali rimu zangu mpya zina matundu ya umbo la pia (koni). Ukizifunga kwa bolti za zamani, chuma hugusana kwenye ukanda mwembamba tu, na zinaweza kulegea barabarani ingawa zilionekana zimekaza. Muuzaji hakulitaja hilo hata kidogo. Nilipata zenye kichwa cha pia, nikazikaza kwa nyuton-mita 130, nikazikagua tena baada ya kilomita 80, na moja ilikubali kuzunguka kidogo.

Tairi la 245/35R19 nililoweka lina namba ya uzito 93, yaani kilo 650, wakati 95 ya tairi la awali ni kilo 690. Kwa ekseli ya mbele ya gari hili bado inatosha, ila nilihakikisha limeandikwa XL (tairi lililoimarishwa kubeba uzito zaidi) na ninalijaza upepo zaidi ya kipimo cha zamani. Kushusha gari pia huinamisha vichwa vya matairi kuelekea ndani, na licha ya kupiga alaimenti, ukingo wa ndani wa matairi ya nyuma umekwisha kulika kuliko wa nje. Rimu hazina hatia katika hilo.

Kwenye lami nzuri gari linakata kona kwa utulivu ambao sikuwahi kuupata kwenye inchi 17, na rangi ya rimu haijachubuka isipokuwa kuzunguka matundu ya bolti. Kwenye barabara yenye viraka kila kiungo kinasikika hadi kitini, na rimu moja ya nyuma imepinda kidogo ukingo wa ndani. Anayebeba familia kila siku kwenye sedani iliyoshushwa namshauri achukue inchi 18 na 245/40. Mimi nitabaki na 19, na zile 17 nimezifunika turubai gerejini kwa ajili ya safari ndefu.